UWANDA USIO NA WATU: Uhakiki wa Picha Moja ya Kiingereza ya Rangi ya Maji

Msomaji anaweza kuuliza jarida la itikadi lina haja gani na picha ya mashambani Uingereza. Swali hilo ni halali, na inafaa lijibiwe kwanza. Itikadi haiishi katika maazimio na hotuba peke yake. Inaishi pia katika vitu ambavyo kwa juujuu havina siasa yoyote: hadithi anayosimuliwa mtoto, wimbo wa arusi, kalenda iliyotundikwa ukutani. Vitu vya namna hiyo havijitangazi kuwa vinafundisha, na kwa sababu hiyo anayefundishwa navyo hajiandai kuuliza swali.

Tangu enzi ya ukoloni picha za mandhari ya Kiingereza zimetufikia kwa njia nyingi: vitabu vya kusomea, kadi za sikukuu, makopo ya biskuti, kalenda, kuta za mahoteli. Karibu zote zinafanana. Pana kilima, pana maji, pana mti mkubwa, pana anga lenye mawingu, na juu ya yote pana utulivu. Kasumba inayoachwa na picha hizo ni hii: mtu aliyezaliwa Kabasa, Wilaya ya Bunda, akakulia kati ya pamba, mihogo na ng'ombe, akiulizwa mandhari nzuri ni ipi, huanza kufikiria nchi ambayo hajawahi kuiona. Shamba la mama yake analiita shamba tu. La Mwingereza analiita mandhari.

Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo mada ya makala haya. Shamba lina mlimaji, lina mgogoro wa mpaka, lina bei ya mazao. Mandhari ina mtazamaji. Nia yetu ni kuonyesha kwamba, ili shamba ligeuke kuwa mandhari tu, mlimaji sharti aondolewe kwanza, ama machoni pa mtazamaji ama katika ardhi yenyewe. Tutaonyesha pia kwamba jambo hilo liliwapata wakulima wa Uingereza kabla ya kutupata sisi, na kwamba jicho lililozoeshwa hivyo bado linaweza kutumika, hata na sisi wenyewe, katika kuamua mambo ya ardhi ya Mkoa wa Mara.

Picha yenyewe

Tumechagua kazi nzuri kwa makusudi. Kuhakiki picha dhaifu ni rahisi na hakumfundishi mtu chochote. Picha tunayoizungumzia ni "Stonehenge" ya John Constable, iliyochorwa mwaka 1835 kwa rangi ya maji juu ya karatasi na kuonyeshwa katika maonyesho ya Royal Academy mjini London mwaka 1836. Si kubwa: upana wake ni sentimita 59 hivi na kimo chake sentimita 39 hivi. Imehifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London, na nakala zake zimechapishwa katika vitabu vingi.

Constable alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk. Baba yake alimiliki vinu vya kusagia na alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Kitabaka, basi, hakutoka kwa makabaila wakubwa wala kwa vibarua. Alitoka katika tabaka la kati la mashambani, lililoishi kwa kusaga na kuuza ngano iliyovunwa na mikono ya wengine. Alifika Stonehenge Julai 1820, akachora mahali hapo kwa penseli. Miaka 15 baadaye, mke wake Maria akiwa amekwisha kufariki mwaka 1828, na yeye mwenyewe akiwa amebakiwa na muda usiofika miaka miwili ya kuishi, aliurudia mchoro ule wa zamani akatengeneza picha hii.

Sehemu kubwa ya karatasi ni anga. Ni anga la buluu iliyokolea, lenye mawingu mazito yanayopasuka, na ndani yake umeshuka upinde wa mvua maradufu. Chini ya anga hilo yapo mawe makubwa ya kale. Mengine yamesimama, mengine yameinama, mengine yameanguka, na mwanga mweupe umeyapiga kana kwamba mvua imetoka kupita. Chini kabisa upande wa kushoto sungura anakimbia kuelekea nje ya picha. Watu wamo, lakini ni wadogo kiasi kwamba mtazamaji anaweza kuwapita bila kuwaona. Hakuna jembe, hakuna mundu, hakuna mavuno.

Inatupasa kuutambua ufundi uliomo. Rangi ya maji ni kazi isiyosamehe. Mchoraji wa rangi ya mafuta akikosea hufunika kosa kwa rangi nyingine. Wa rangi ya maji hana nafasi hiyo, kwa sababu rangi yake ni nyepesi na kilicho chini huonekana. Aghalabu weupe wake hautoki katika rangi bali ni karatasi iliyoachwa wazi, hivyo lazima aamue mapema mwanga utakaa wapi. Tena Constable alilijua anga. Mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead, alichora mawingu siku baada ya siku, na nyuma ya michoro yake akaandika tarehe, saa na mwelekeo wa upepo. Mkulima wa Kabasa anayetazama mawingu yanayotoka upande wa Ziwa kabla ya kuamua kupanda atamwelewa mtu huyu bila mkalimani. Katika anga la picha hii hakuna uongo. Tatizo liko chini ya anga.

Kazi iliyoitwa fumbo

Tuyatazame mawe, kwa kuwa ndiyo kiini cha picha. Maelezo ambayo Constable aliyaweka katika orodha ya maonyesho yalisema, kwa maana yake, kwamba jengo hilo ni fumbo lililosimama peke yake mahali patupu, lisilofungamana na matukio ya zamani wala na matumizi ya leo. Mtazamaji anaalikwa astaajabu na kunyamaza.

Lakini sayansi imekataa kunyamaza. Yale mawe makubwa, ambayo kwa kawaida yana uzito wa tani 20 na zaidi kila moja, yalisimamishwa karibu na mwaka 2500 kabla ya Kristo. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mengi yake yalitoka West Woods, umbali wa kilomita 25 hivi. Mawe madogo ya buluu yalitoka katika milima ya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200. Na mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba jiwe lililolala katikati, lenye uzito wa tani sita hivi, lilitoka kaskazini mashariki ya Scotland, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Yote hayo yalifanyika bila injini na bila zana za chuma. Basi tuulize kama wanavyouliza watu wa kazi. Nani walivuta? Nani walisokota kamba? Nani walilima chakula cha wavutaji, na nani walikipika? Nani aliamua, na kwa mamlaka gani? Ukiyauliza maswali hayo, fumbo halibaki fumbo. Linakuwa kazi ya pamoja ya maelfu ya watu, pengine kubwa kuliko nyingine yoyote iliyofanyika katika kisiwa kile wakati ule. Kitu kikubwa kuliko vyote katika picha hii ni matokeo ya jasho, nacho kimeonyeshwa kana kwamba kiliota chenyewe kama uyoga.

Hatumlaumu Constable kwa kutojua yaliyogunduliwa baada yake. Ila kutojua ni jambo moja, na kupenda kutojua ni jambo jingine. Picha hii inapenda kutojua. Uzuri wake unategemea kutojua. Tabia hiyo ilivuka bahari. Wakoloni walipoyaona magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu walidai kwamba yalijengwa na Wafoinike au wageni wengine wa mbali, yaani yeyote isipokuwa Mwafrika. Randall-MacIver mwaka 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walithibitisha kwa uchimbaji kwamba wajenzi ni Waafrika. Uingereza fumbo lilificha kazi. Zimbabwe fumbo lilificha kazi na likahalalisha unyang'anyi.

Watu wa uwandani walikuwa wapi?

Stonehenge imesimama katika Uwanda wa Salisbury, jimbo la Wiltshire. Ili kuielewa picha ya mwaka 1835 lazima tujue yaliyotokea mashambani Uingereza katika miaka hiyo.

Kwa karne nyingi vijiji vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya pamoja. Maskini asiye na shamba kubwa aliweza kulisha ng'ombe wake mmoja, kuokota kuni na kukusanya masazo baada ya mavuno. Kisha wenye mali walipitisha sheria Bungeni, ambamo wao wenyewe ndio walioketi, za kuizungushia uzio ardhi hiyo na kuigawa kuwa mali ya watu binafsi. Kati ya mwaka 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikahusu ekari milioni 6.8 hivi, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya ardhi yote ya Uingereza. Nyingi zilipitishwa katika uhai wa Constable na wa baba yake. Ekari nyingine zilikuwa tayari zimezungushiwa bila sheria yoyote. Mkulima mdogo akageuka kibarua, na kibarua akageuka ombaomba wa parokia.

Mwaka 1830 vibarua waliinuka. Vuguvugu lilianzia Kent, likaenea kusini yote. Walivunja mashine za kupuria ngano, zilizokuwa zikiwanyang'anya kazi ya miezi ya baridi, na walichoma mirundo ya nafaka. Barua zao za vitisho zilitiwa sahihi ya kiongozi wa kubuni aliyeitwa Kapteni Swing. Wiltshire ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyowaka zaidi. Januari 1831 mahakama maalumu ilikaa Salisbury, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka yalipo mawe ya picha yetu. Katika nchi nzima watu 19 walinyongwa na karibu 480 walipelekwa uhamishoni Australia. Mwaka 1834, katika jimbo jirani la Dorset, vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa uhamisho huohuo kwa kosa la kula kiapo cha chama cha wafanyakazi. Mwaka uliofuata Constable aliketi London, akachovya brashi, akachora uwanda mtulivu wenye sungura mmoja.

Tuwe waangalifu hapa, maana uhakiki wa kitabaka usiwe uhakiki wa kusingizia. Uwanda wa Salisbury ulikuwa malisho ya kondoo tangu zamani. Hatudai kwamba zile sheria ndizo zilizoufanya uwe wazi. Wala hatusemi Constable alipaswa kuchora maandamano. Alikuwa mjane mgonjwa wa huzuni, na mawe yale yaliyoanguka bila shaka yalikuwa na maana kwake ambayo Bunge halikuhusika nayo. Tunachosema ni kwamba huzuni yake ilipata mahali pa kukaa kwa sababu mahali hapo pamechorwa kana kwamba hapana huzuni ya mtu mwingine. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na katika picha hii tabaka la wenye vinu limevutia kwake pasipo hata kusema neno.

Historia ya uwanda huo iliendelea baada ya mchoraji kufa. Kuanzia mwaka 1897 Wizara ya Vita ya Uingereza ilinunua ardhi pale kwa mazoezi ya jeshi. Novemba 1943 wanakijiji wa Imber, katika uwanda huohuo, waliambiwa waondoke kabla ya Krismasi ili majeshi ya Marekani yafanye mazoezi. Waliondoka. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini wao hawakurudishwa. Mkulima wa Mara anayesikia habari ya Imber hahitaji kuwa Mwingereza ili aielewe.

Brashi na jeshi

Wapo watakaosema kwamba rangi ya maji ni burudani ya mabibi na wazee wastaafu, haina uhusiano na dola. Historia inasema vinginevyo.

Baada ya maasi ya Scotland ya 1745 na 1746 jeshi la Uingereza lilianza kuipima nchi ile ili liweze kuitawala. Mmoja wa wachoraji wa upimaji huo alikuwa Paul Sandby, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa sanaa ya mandhari ya rangi ya maji Uingereza. Mwaka 1768 aliwekwa kuwa mwalimu mkuu wa uchoraji katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Ofisa wa mizinga alifundishwa kuchora kilima kwa sababu kilima ni mahali pa kuwekea mzinga, na mto ni kizuizi cha askari. Kiboksi cha rangi kavu kiliingia mfukoni mwa ofisa pamoja na dira. Hatusemi kila picha ya mandhari ni ramani ya vita. Tunasema jicho lililofunzwa kupima nchi ya wengine na jicho lililofunzwa kuifurahia lilisoma shule moja.

Hata rangi yenyewe ina historia. Kinachoshikanisha unga wa rangi na karatasi ni gundi ya miti ya jamii ya migunga. Miti hiyo haioti Uingereza. Gundi ilitoka Afrika: kwanza pwani ya Senegal na Mauritania, baadaye kwa wingi Sudan. Mwaka 1758 Waingereza waliiteka Saint-Louis ya Senegal kutoka kwa Wafaransa, na biashara ya gundi, iliyohitajika sana katika viwanda vya nguo, ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Hivyo katika kila picha ya utulivu wa Kiingereza umo utomvu uliokingwa na mkono wa Mwafrika, ambaye naye hayumo katika picha.

Jicho hilo lilipofika kwetu

Ofisa mmoja wa aina hiyo alifika katika nchi ambayo leo ni Tanzania. James Augustus Grant, Mskoti wa jeshi la Uingereza huko India, alifuatana na John Hanning Speke katika safari ya 1860 hadi 1863. Mguu wake ulipougua alibaki Karagwe kwa Mfalme Rumanika miezi kadhaa, hadi Aprili 1862, akiwa na rangi zake za maji. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kwa haki tuseme kwamba Grant alichora watu pia, na michoro hiyo leo ni ushahidi wa thamani kwa historia yetu. Lakini safari yenyewe ilikuwa ya kutaja na kumiliki. Ziwa ambalo Speke aliliona mwaka 1858 alilipa jina la malkia wake, na ghuba iliyo kusini mwa Bunda hadi leo inaitwa Ghuba ya Speke, kana kwamba wavuvi wake walimngoja Mwingereza ili wajue wanavua wapi.

Baada ya wataja majina wakaja wahifadhi. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa na Wamasai waliokuwa ndani wakahamishiwa Ngorongoro. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa kitabu na filamu vilivyoifanya Serengeti ijulikane dunia nzima. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Grzimek alishikilia kwamba ndani ya hifadhi hapafai kuishi watu, hata wenyeji. Kwa mtazamaji wa Ulaya nyasi zile zilikuwa tupu tangu kuumbwa kwa dunia. Lakini wazee wa Mara wanajua kwamba ndani ya hifadhi mna mahame ya Waikoma, Wanata na Waishenyi, na kwamba waliowinda, waliolima na waliochoma majani kwa msimu walishiriki kuifanya nchi ile iwe jinsi ilivyokutwa. Kama mawe ya Stonehenge, Serengeti nayo imeitwa fumbo la maumbile, na kazi ya watu ikafutwa kwa sifa.

Tusieleweke vibaya. Chama hakipingi hifadhi. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alitamka katika Azimio la Arusha la wanyamapori kwamba wanyama wetu ni amana tunayoshika kwa ajili ya vizazi vijavyo, na urithi huo ni wa wananchi wote. Swali letu ni juu ya jicho la kupimia. Hili si swali la zamani. Katika miaka ya 2020 wakazi wa Kata ya Nyatwali, hapa Bunda, karibu na lango la Ndabaka katika barabara ya Mwanza hadi Musoma, wametakiwa kupisha hifadhi ili Serengeti iungane na Ghuba ya Speke na wanyama wapate maji wakati wa kiangazi. Hoja za uhifadhi ni za kweli, na tembo wanaoharibu mashamba ni wa kweli pia. Basi na zipimwe kwa hesabu ya kaya, ekari, nyavu, makaburi na fidia, mbele ya wanaohusika. Anayeamua kwa kutazama picha ya nyasi na maji tu, akasema "hapa panapendeza pakiwa patupu", anaamua kwa jicho la kigeni hata akiwa mzaliwa wa Bunda.

Wala jicho hilo si la wageni peke yao. Wakati wa Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 walikuwapo watendaji waliochora mistari iliyonyooka juu ya karatasi, kisha wakawahamisha watu waifuate, na mahame mapya yakapatikana. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umekwisha kuonya juu ya kiongozi anayewaamulia watu bila wao. Karatasi safi ina kishawishi chake, iwe ya mchoraji au ya mpangaji.

Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni la wale wasemao: picha hizi ni za mabepari, zichomwe. Huo ni uvivu uliovaa sare ya mapinduzi. Mwalimu, mwana wa Butiama, hakuichoma kazi ya Shakespeare. Aliitafsiri, na tamthilia iliyotolewa mwaka 1969 aliipa jina "Mabepari wa Venisi", ambapo jina la Kiingereza lilimtaja mfanyabiashara mmoja tu. Kwa neno moja aliiuliza kazi ya Kiingereza swali la kitabaka, na bado akawapa Waswahili kazi nzima waifurahie. Na mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi ya Tanganyika iwe mali ya kuuzwa ya watu binafsi, aliandika kijitabu "Mali ya Taifa" kulipinga pendekezo hilo. Aliona kwamba penye ardhi ya kuuzwa maskini huuza kwanza, naye mwenye fedha hubaki na nchi. Vibarua wa Wiltshire wangemwelewa.

Kosa la pili ni la wale wasemao: sanaa iko juu ya siasa, tutazame uzuri tu. Hao wajibiwe kwa mfano wa Sam Ntiro. Ntiro alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, kisha chuo cha sanaa cha Slade, London. Alipata kuwa Balozi wetu wa kwanza Uingereza kuanzia mwaka 1961. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1960. Ntiro alichora milima na migomba, na watu wake ni wadogo kama wa Constable. Lakini ni wengi, na kila mmoja ana shughuli: anabeba, anakata, anavuna, anakwenda sokoni. Ukiwaondoa, picha inakufa. Ukiwaondoa watu wa Constable, picha haipungukiwi na kitu. Udogo wa mtu katika mandhari, basi, si dhambi. Jambo la kuangalia ni kama nchi ile inasimama kwa kazi yake au inasimama bila yeye.

Ntiro alisoma London akarudi na brashi bila kurudi na jicho. Huo ndio msimamo tunaoutetea. Kwa Constable tujifunze kusoma anga, kuacha karatasi wazi, kuandika saa na upepo. Utupu wake tumwachie mwenyewe.

Maswali kwa madarasa yetu

Wakufunzi wa elimu ya siasa na walimu wa sanaa wanaweza kuitumia picha hii, au kalenda yoyote iliyo ukutani, kwa maswali manne. Kwanza: ardhi hii ni ya nani, na aliipataje? Pili: nani anafanya kazi hapa, naye amechorwa wapi? Tatu: mchoraji alisimama wapi, na nani alimruhusu kusimama hapo? Nne: nini kingebadilika katika picha kama angechora mtu anayelima hapo?

Baada ya maswali, kalamu. Wanafunzi wa Kabasa wapewe karatasi na rangi watoke nje. Wachore Mlima Balili wakati wa masika, na pamba ikiwa imepasuka, na mvua inayokuja kutoka Ziwani, kwa uangalifu uleule wa Hampstead. Wachore pia mama anayepalilia, kijana anayeswaga ng'ombe, mzani wa pamba na karani anayesoma mzani huo. Picha zitakazopatikana zitundikwe katika ofisi za vijiji na kata, mahali ambapo mipaka na mgawanyo wa ardhi hujadiliwa, ili kila anayeinua macho kutoka katika ramani awaone wenye nchi.